Kamati ya Mwalimu Medard na Koloni la Guangzhou

Kashai, Bukoba
6 Septemba 2009

Mwanangu Natalia,

Salamu nyingi sana. Sisi hatujambo, ila goti langu la kushoto linaendelea kutabiri mvua kabla ya redio. Barua hii anakuletea Rodrick, yule mfanyabiashara wa Mwanza mnayechangia naye chumba cha mizigo huko. Najua uliniletea simu. Naishukuru, naitumia kutazama saa. Neno la kwenye simu halina nakala, na mtu aliyefundisha historia miaka thelathini na mmoja hawezi kufanya kazi bila nakala.

Kwanza la furaha. Kamati ya harusi yako imeundwa, ina watu ishirini na wawili, na kwa kauli moja wamenichagua mimi kuwa Mwenyekiti. Kura nilihesabu mwenyewe ili kusiwe na maneno. Kikao cha kwanza kimeamua ndoa ifungwe Jumamosi tarehe 26 Desemba, misa saa nne. Watu wetu wa Dar es Salaam wote watakuwa wamekuja kula Krismasi, na ukumbi tumeshaushika. Didas ameambiwa na ameridhika.

Kwa kuwa uko kwenye chemchemi ya vitu, kamati inakuagiza ulete mita mia na arobaini za kitambaa cha sare, rangi ya damu ya mzee, na seti nne za taa za kupepesa za kuzunguka ukumbi. Ulete vikombe mia tatu vyenye sura yako na ya Didas na tarehe ya ndoa. Ulete pia viatu vya Mwenyekiti, namba arobaini na tatu, vyenye ncha, lakini isiwe ncha ya kihuni.

Usidhani tumekusahau. Kamati imemteua shangazi yako Leokadia akuwakilishe. Anakaa kwenye kiti chako, na atakachosema kitaandikwa kwenye muhtasari kuwa umesema wewe. Hata gauni fundi atampimia yeye. Mabega yenu yanafanana.

La pili. Ninaandika kitini kwa ajili ya Kidato cha Tano, nimekiita Kwa Nini Makoloni Kumi na Matatu Yalimwasi Mfalme wa Uingereza. Vijana wanakariri sababu bila kuonja uchungu wake. Nakutumia kurasa ishirini za mwanzo. Wewe ulipata B ya historia, soma uniambie wapi panachosha.

Baba yako,
Medard
Mwenyekiti


Xiaobei, Guangzhou
27 Septemba 2009

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua nimeisoma mara mbili na kitini mara tatu, maana kitini ndicho kilichonifaa zaidi.

Hapa ni shwari. Wachina wanaadhimisha miaka sitini ya taifa lao wiki hii, kwa hiyo wanafagia uani kabla ya wageni, na uchafu wenyewe ni sisi. Askari wanasimama kwenye milango ya masoko, "Huzhao! Huzhao!" yaani pasipoti. Unaonyesha, unapita, yameisha. Askari walipowajia kule Xintang tunakonunua suruali za jinzi, Rodrick alitimua mbio, akajifukia kwenye rundo la suruali saa nzima, na muda wote huo pasipoti yake nzima, yenye viza nzima, ilikuwa mfukoni. Nilipomuuliza, akasema aliona wenzake wanakimbia, akaona si ustaarabu kubaki peke yake. Na mimi juzi nilikaribishwa kwenye ofisi moja ya serikali tangu asubuhi hadi alasiri, mambo ya karatasi tu. Walitupa maji ya moto ya kunywa. Usiwe na wasiwasi.

Sasa kitini. Baba, kinanoga. Pale mfalme anapomaliza vita na hazina imekauka, akageuka kuwatoza ushuru wa sukari na wa kila karatasi watu ambao hajawahi kuwauliza jambo, hasira ilinipanda mimi mwenyewe. Nilipofika pale wakubwa wa London wanapowaambia walowezi kwamba wanao wawakilishi Bungeni, ingawa hawakumchagua yeyote na hakuna aliyewahi kuvuka bahari kuwauliza hali, nilicheka hadi mama mwenye nyumba akagonga ukuta. Kisha nikaacha kucheka.

Na je, unajua ile chai waliyoimwaga baharini ilitoka wapi? Ilitoka huku huku! Kuna mtaa unaitwa Shisanhang, ndiko ninakonunua blauzi. Gitau, Mkenya tunayejaza naye kontena, husoma kila kibao cha makumbusho kama mtu aliyelipwa. Yeye ameniambia kwamba zamani wageni waliruhusiwa kufanya biashara mahali hapo tu. Mjini wasiingie, wake zao wasilete, na msimu ukiisha waondoke. Kumbe haya ya viza hayakuanza na sisi.

Baba, nimezunguka, sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Tarehe ile siiwezi. Viza yangu si kama ya Rodrick ya kuingia na kutoka, ni ya kuingia mara moja, na inaisha 20 Februari. Nikitoka Desemba, kwa ukali wa sasa sipewi nyingine. Wenzangu watatu wameondoka kwa wiki mbili tu na mpaka leo wako Dar wanalia. Suruali zangu elfu nne zinashonwa Xintang na zitakuwa tayari mwisho wa Januari, kabla viwanda havijafungwa kwa mwaka mpya wao. Usiposimama mwenyewe ukamkazia macho laoban, yaani bosi wa kiwanda, ukavuta zipu moja moja, unapakiwa takataka. Kazi yangu yote ya miaka mitatu iko kwenye suruali hizo. Naomba harusi iwe baada ya Pasaka.

Wale walowezi nao walianza kwa kuomba, kwa maandishi na kwa heshima. Nami naomba hivyo. Na shangazi Leokadia nampenda, lakini asipimwe gauni langu. Mabega sawa, ila mimi nina kiuno.

Mwanao mtiifu,
Natalia


Kashai, Bukoba
16 Oktoba 2009

Mwanangu Natalia,

Barua yako nimeipitia kwa kalamu nyekundu. Umepata kumi na sita kati ya ishirini, na wewe unajua kwangu kumi na sita haiokotwi. Hoja ya chai ya Guangzhou ni mpya, nimeiingiza ukurasa wa tisa. Hoja ya uwakilishi umeielewa vizuri kuliko darasa zima la mwaka jana. Umepoteza alama kwa kutoka nje ya mada: nusu ya pili yote umezungumzia suruali.

Kuhusu tarehe, ombi lako limesomwa kikaoni na limehifadhiwa. Desemba ni Desemba. Didas aliulizwa akasema yeye yuko sawa na kamati. Shangazi yako akamuuliza kama angekuwa sawa pia na Pasaka, akasema ndiyo. Kijana wa amani sana yule. Sijui watoto wenu atawakanya nani.

Kamati imeongeza maazimio mawili. La kwanza, taa za kupepesa ziwe seti nane badala ya nne. La pili, imeonekana si vema mke wa mtu kurudi Guangzhou baada ya ndoa, kwa hiyo ufunge kabisa shughuli zako na urudi na vyote. Jambo hili tulilipigia kura ukiwepo kwa niaba. Shangazi yako hakupinga, kwa hiyo hukupinga.

Rodrick alipoleta barua yako alikaa kwetu siku mbili. Ni msimulizi mzuri akishashiba ndizi.

Nimekutumia pakiti moja ya senene za kukaanga, ni za kwanza za msimu. Uje Desemba, Natalia. Ukiweza kuja kabla, njoo kabla. Hata kesho.

Baba yako,
Medard
Mwenyekiti


Xiaobei, Guangzhou
3 Novemba 2009

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Shikamoo. Senene zimefika. Watu sita wa forodha walizizunguka, wakajadiliana, mmoja akaonja, na pakiti ikanifikia nusu. Huo nao ni ushuru, na sikuulizwa.

Ukurasa wa kumi na mbili wa kitini chako umeandika kwamba mtawala anayepokea maombi na kuyahifadhi asishangae yakitafutiwa mahali pengine. Maneno ni yako, kalamu ni yako. Mimi ni mwanafunzi wako tu, na leo sitoki nje ya mada.

Kamati imenipangia siku bila kuniuliza, ikanipangia rangi, ikanipangia mpaka mtu wa kuwa mimi. Nilipoomba ihamishe tarehe, ikaniongezea taa nne na kunifungia biashara. Walowezi walipolalamikia chai, mfalme akawafungia bandari. Baba, ulisema mwenyewe darasani kwamba hapo ndipo alipoharibu kabisa! Uligonga meza mpaka chaki ikaanguka, nilikuwa nimekaa dawati la pili.

Basi habari ndiyo hii. Mita mia na arobaini za damu ya mzee nilikuwa nimeshazinunua kwenye soko la vitambaa la Zhongda. Jumatatu nimemuuzia Gitau. Zinakwenda Nakuru kuwa mapazia ya hoteli. Nilifikiria kuzitupa kwenye Mto wa Lulu unaopita hapa mjini ili historia ikamilike, lakini kingo zimejaa askari, na kitambaa ni kizuri. Vikombe sijachapisha na sichapishi. Taa ziko dukani kwa mwenyewe, na zitabaki huko zikipepesa.

Viatu vyako nimenunua, anavileta Rodrick pamoja na barua hii. Vina ncha ya kiasi. Nimeiasi kamati, sijamwasi baba yangu.

Kamati ikitaka kufunga ndoa tarehe 26 Desemba, ifunge. Bibi harusi atakuwa shangazi Leokadia, na gauni linamtosha. Didas, nina hakika, atakubali.

Natalia
Guangzhou


Kashai, Bukoba
16 Novemba 2009

Natalia, mtoto wa kaka yangu,

Nakuandikia mimi shangazi yako Leokadia, na ukiona mwandiko unakwenda mlimani ujue bado nina kicheko, na hofu pia.

Jana tulikuwa na kikao sebuleni kwa baba yako. Baba yako alifungua bahasha yako mbele ya watu wote na kuanza kuisoma kwa sauti ya darasani, akidhani ni maoni yako mengine ya kitini. Alipofika kwenye chaki alitabasamu. Alipofika kwenye mapazia ya Nakuru alikuwa amekwenda mbali, hawezi tena kurudi nyuma, akamaliza kusoma kama mtu anayekunywa mwarobaini. Sebule ikawaka. Yustina, mweka hazina, alilia kabisa, eti rangi ile ingemtoa. Mzee mmoja akataka utozwe mbuzi. Mwingine akauliza Nakuru iko wapi.

Baba yako akagonga meza. Akasema Desemba inabaki, tupige kura, na kama kawaida yake akanigeukia mimi na kuuliza, "Natalia anasemaje?" Mwanangu, vikao vinne nimeulizwa hivyo, na vikao vinne nimenyamaza kwa sababu mdomo ulikuwa na senene. Nilidhani kukuwakilisha ni kukalia kiti tu. Lakini jana, baada ya kusikia barua yako, nilimeza, nikasimama.

Nikasema, "Mimi Natalia, sitaki."

Akasema, "Leokadia, kaa chini."

Nikamwambia, "Leokadia hayupo. Angalia muhtasari wako. Aliyesimama hapa ni Natalia, na wewe ni baba yangu, na bado nazungumza."

Akamtazama katibu. Katibu akafungua daftari, akasoma kwa woga kwamba atakachosema Bibi Leokadia kihesabiwe kuwa amesema Bibi Natalia. Azimio hilo limeandikwa kwa mkono wa baba yako mwenyewe, na limepigiwa mstari! Watu wakasema aendelee, aendelee.

Basi nikaendelea. Nikasema, "Baba, paa hili mnalokalia chini yake nimelipaua mimi. Goti lako limetibiwa kwa suruali unazozidharau. Siku zote ukiagiza naleta. Mimi nimeomba jambo moja tu maishani, na umeniambia limehifadhiwa. Suruali zangu zikiharibika, huyo Didas utanioza pamoja na njaa?" Nisamehe mwanangu kama nimekusemea zaidi ya ulivyotaka. Nilishakolea.

Didas akaulizwa. Akasema yeye anakubaliana na Natalia. Katibu akauliza, Natalia yupi. Akasema wote wawili. Hilo ndilo neno la maana la kwanza nimemsikia akilitoa.

Kura zikapigwa. Kumi na saba wakasema tarehe ifutwe, wanne wakakataa, baba yako hakunyoosha mkono upande wowote. Alivua miwani na kufunga kikao kwa sala isiyo na mwisho. Tukangoja amina, haikuja, tukaisema wenyewe.

Tangu jana amejifungia chumbani anaandika. Anaandika, anachana, anaandika. Usimkasirikie sana. Kuna jambo Rodrick alimwambia ambalo si langu kulisema, mwenyewe atakueleza akiweza. Gauni nimelirudisha kwa fundi, ingawa kusema kweli lilinikaa.

Shangazi yako,
Leokadia


Kashai, Bukoba
18 Novemba 2009

Natalia,

Barua ya shangazi yako umeshaisoma, kwa hiyo sirudii. Kila alichoandika ni kweli, isipokuwa sala haikuwa ndefu kiasi hicho.

Kwa miaka thelathini na mmoja nimefundisha kwa nini walowezi waliasi. Ushuru, chai, askari waliowekwa majumbani mwa watu, Bunge ambalo hawana mtu wao ndani yake. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kuniuliza mfalme mwenyewe alikuwa na nini moyoni. Angeniuliza, ningemjibu kwamba alikuwa na kiburi, na ningemwekea tiki.

Rodrick alipokuja mwezi wa kumi alinieleza. Hukukaribishwa popote. Ulikamatwa kwenye ngazi za soko kwa sababu pasipoti yako ilikuwa kwa wakala wa viza, ukawekwa kwenye chumba kimoja na watu arobaini, wengine wanalia. Anasema ulipotoka ulishindwa kufungua kitasa cha chumba chako, akakufungulia yeye. Na mimi mwanangu ananiandikia habari za maji ya moto.

Mwanzoni Desemba ilikuwa kwa ajili ya ukumbi na watu wa Dar. Ningeweza kuihamisha kwa kikao kimoja. Baada ya kumsikia Rodrick sikuweza. Niliwaza, nikimwambia rudi kwa sababu naogopa, atanituliza na atabaki. Nikimwambia kamati imeamua, atarudi. Ndiyo maana nikaongeza azimio la kufunga biashara, na zile taa nne niliziongeza ili lile azimio lisionekane peke yake. Nilikufungia bandari, Natalia. Nilijua ninachofanya, nami nilikuwa nimeandika kitini juu yake.

Nilikuwa naogopa na bado naogopa. Tangu mama yako afariki sijui kuomba kitu kwa mtu, najua kuagiza tu. Unisamehe.

Tarehe imefutwa, na hatukuweka nyingine. Nakuuliza wewe. Unataka siku gani?

Baba yako,
Medard


Xiaobei, Guangzhou
6 Desemba 2009

Baba yangu,

Shikamoo.

Alivyosema Rodrick ni kweli. Kitasa kilinishinda, na usiku ule sikula. Nilikuficha kwa sababu ungeniambia rudi, nami ningerudi, kisha ningekulaumu maisha yangu yote kila nikiona mtu amevaa jinzi. Kumbe wewe nawe unanificha. Nimekaa nikafikiria: mimi nakuficha, wewe unanificha, na katikati yetu watu ishirini na wawili wanagombania rangi ya kitambaa.

Sasa nakwambia ilivyo. Pasipoti siiachi tena kwa wakala, natembea nayo, nimeishonea mfuko ndani ya sketi. Askari bado wapo, na kila nikisikia viatu vinapanda ngazi naushika mfuko ule. Lakini viza yangu ni halali, na suruali elfu mbili na mia mbili zimeshashonwa. Jana nilimfanya laoban abadilishe zipu za boksi zima. Alipiga kelele, "Meiyou! Hakuna zipu nyingine!" Nikakaa juu ya boksi mpaka zikapatikana. Baba, kazi hii naiweza, na naipenda. Nataka kuimaliza. Baada ya ndoa nitaamua na Didas kama narudi huku au la, na nitakwambia kabla ya mtu mwingine yeyote.

Gitau anakusalimu. Anasema mapazia yamependeza.

Siku ninayoitaka ni Jumamosi, tarehe 10 Aprili. Rangi achague shangazi, ameistahili. Idadi ya watu mpange ninyi, mimi sina neno. Nimemuuliza Didas kwa simu, amekubali, nikamwambia safari hii asiishie kukubali, aseme na yeye anataka nini. Akasema anataka mimi nifike salama.

Nitatoka huku kabla viza haijaisha, nipokee kontena na kuuza mzigo Dar, kisha nitafika Bukoba Jumatano baada ya Pasaka, asubuhi, na meli ya kutoka Mwanza. Njoo bandarini wewe mwenyewe, Baba. Usimtume mtu.

Natalia